VIDONGE VYA IODINI, NA NANI ANASHIKA UFUNGUO WA STOO

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)

Bwana Mwenyekiti, Bwana Karani, nanyi nyote ndugu wanachama, waume kwa wake,

Tumeombwa tuseme juu ya vidonge vya iodini, vile wanavyogawiwa watu wanaokaa karibu na vinu vya umeme wa nyuklia. Wako wenzetu waliocheka waliposikia habari hiyo. Walisema, "Sisi ni watu wa reli. Twadai mishahara, nyumba na buti za kazi. Vidonge vya watu wa Ulaya vyatuhusu nini?" Swali hilo ni la haki, na yafaa tulijibu kwanza kabla ya kwenda mbele.

Kwa miaka mingi sasa kuna mpango wa kujenga kinu cha umeme wa nyuklia katika Kenya. Kwanza palitajwa Uyombo, upande wa Kilifi, na mwaka 2024 watu wa huko waliandamana kuukataa mpango huo. Mwaka 2025 habari ziligeukia upande wa Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Leo hatukuja kusema kinu kijengwe au kisijengwe. Jambo hilo lina mkutano wake na wasemaji wake. Lakini twajua hivi: mahali popote kinapojengwa kinu, mfanya kazi ndiye wa kwanza kuingia mlangoni, na wake na watoto wa wafanya kazi ndio wanaolala karibu na ua. Tena ikiwa siku moja watu watatakiwa kuhamishwa upesi, wataitwa madereva, magadi na makarani wa stesheni. Ndiyo maana jambo hili latuhusu, na ni afadhali tulijue mapema, wakati hakuna mtu anayekimbia.

Neno letu la leo ni moja tu. Kidonge cha iodini ni dawa ya saa chache, si dawa ya siku nyingi. Kidonge kilichofungiwa katika stoo mbali na watu, na mwenye ufunguo akawa anangoja amri ya mkubwa wake, ni kama hakipo. Tumetafuta habari za nchi zilizopatwa na msiba huu, na kila mahali tumeliona jambo hilo hilo.

KAZI YA KIDONGE

Mbele ya shingo ya kila mtu, chini ya koo, kuna tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Madaktari huiita thairoidi. Tezi hii hutengeneza maji ya mwili yanayomfanya mtoto akue na mtu mzima awe na nguvu. Ili ifanye kazi yake yahitaji iodini, ambayo huingia mwilini kwa chakula. Mahali penye udongo usio na iodini ya kutosha, tezi huvimba, na mtu huota rovu. Wazee wetu wa bara walijua rovu sana. Ndiyo sababu siku hizi chumvi ya dukani hutiwa iodini, na jambo hilo limeandikwa juu ya pakiti.

Sasa, ndani ya kinu cha nyuklia, moto wake unapofanya kazi hutokea namna nyingine ya iodini, iitwayo iodini 131. Hii ina mionzi, nayo ni sumu. Kinu kikiwa kizima hukaa ndani, haitoki. Kinu kikipasuka hutoka pamoja na moshi na mvuke, huchukuliwa na upepo, na huanguka juu ya majani na juu ya maji. Mtu huivuta kwa pumzi, au huila. Tezi yetu haina macho. Haiwezi kutenga iodini nzuri na iodini ya sumu. Ikiwa na njaa hupokea yote, na ile ya sumu hukaa humo ikiichoma tezi kwa ndani. Baada ya miaka kadhaa kansa yaweza kutokea.

Kidonge kimetengenezwa kwa iodaidi ya potasiamu, yaani iodini nzuri iliyounganishwa na madini ya potasiamu. Sisi watu wa reli twaweza kuifahamu kazi yake kwa mfano wa behewa. Behewa likijaa abiria wenye tiketi, mwizi akifika stesheni hapati kiti, na gari moshi litaondoka bila yeye. Kidonge hujaza viti vyote vya tezi kwa iodini nzuri. Ile ya sumu ikifika haipati pa kukaa, nayo hutoka mwilini kwa mkojo. Lakini ikiwa mwizi ameketi kwanza, hata ukileta abiria elfu wenye tiketi haisaidii kitu.

Kwa hiyo wakati ni jambo kubwa. Shirika la Afya Duniani lasema ya kwamba wakati mzuri wa kumeza ni tangu saa 24 kabla ya sumu kufika mpaka saa 2 baada ya kufika. Hata hadi saa 8 baadaye kuna faida, ingawa faida hiyo hupungua. Saa 24 zikiisha kupita baada ya sumu kuingia, kumeza kwaweza kudhuru kuliko kusaidia, kwa sababu kidonge kitaifungia sumu ndani ya tezi isitoke upesi. Kidonge kimoja hulinda kwa muda wa kama siku moja.

Kipimo nacho hufuata umri. Mtu wa miaka 12 na zaidi humeza miligramu 130. Mtoto wa miaka 3 mpaka 12 humeza nusu yake, yaani 65. Mtoto wa mwezi mmoja mpaka miaka 3 hupewa robo, kama 32. Mtoto mchanga asiyetimiza mwezi hupewa 16, mara moja tu. Wanaotangulizwa ni watoto, mama wajawazito na mama wanaonyonyesha, maana tezi ya mtoto ni changa na hushika sumu upesi. Mtu aliyepita miaka 40 hana hatari kubwa ya kansa hiyo, na kidonge chaweza kumletea shida nyingine ya tezi. Kwa hiyo vikiwa vichache, wazee watangulize watoto. Na mtu mwenye ugonjwa wa tezi aulize daktari mapema, asingoje siku ya hatari.

MAMBO YA CHERNOBYL

Tarehe 26 Aprili 1986, saa saba na dakika 23 za usiku, kinu namba 4 cha Chernobyl, katika nchi ya Ukraine iliyokuwa wakati huo chini ya Dola la Kisovieti, kilipasuka na kuwaka moto. Karibu yake ulikuwapo mji wa Pripyat, mji wa wafanya kazi wa kinu hicho na jamaa zao, watu kama 49,000. Katika mji huo vidonge viligawiwa mapema, na vilisaidia. Lakini watu wenyewe hawakuelezwa yaliyotokea. Watoto walicheza nje siku nzima ya Jumamosi. Mabasi yaliwachukua siku ya Jumapili mchana, karibu saa 36 baada ya kinu kupasuka.

Vijiji na miji ya mbali zaidi haikupata bahati hata hiyo. Wakubwa walinyamaza. Habari ilijulikana ulimwenguni kwa sababu ya mfanya kazi mmoja wa kinu cha Forsmark katika Uswidi, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Chernobyl. Asubuhi ya tarehe 28 Aprili alipita mbele ya mashine ya kupima mionzi, na mashine ikapiga kengele kwa sababu ya viatu vyake. Walidhani kinu chao wenyewe kimevuja. Baadaye walitambua ya kuwa sumu imetoka nje pamoja na upepo. Jioni ya siku hiyo Moscow ilitoa maneno machache tu.

Sasa sikieni jambo hili, ndugu wanachama, maana ni letu. Tarehe 1 Mei, sikukuu yetu wafanya kazi wa dunia nzima, katika mji wa Kyiv, kiasi cha kilometa 100 kutoka kinuni, maandamano yalifanywa kama kila mwaka. Wafanya kazi walipita barabarani na bendera zao, na watoto pamoja nao, na upepo ulikuwa umegeuka kuelekea mjini. Hakuna aliyewaambia wawaache watoto nyumbani. Siku chache baadaye habari zilipoenea, stesheni ya reli ya Kyiv ilijaa wazazi waliotaka kuwapandisha watoto wao gari moshi lolote, liende popote. Wenzetu wa reli ya huko ndio waliobeba mzigo huo.

Ubaya mkubwa ulipita njia ya maziwa. Sumu ilianguka juu ya majani, ng'ombe alikula majani, mtoto alikunywa maziwa. Mahali pengi vidonge havikufika kwa wakati, na maziwa hayakuzuiwa mara moja. Tena nchi ile ilikuwa na upungufu wa iodini katika chakula, kama milima yetu ya zamani ya rovu, na tezi za watoto zilikuwa na njaa. Ilipofika mwaka 2005, watu zaidi ya 6,000 waliokuwa watoto au vijana wakati wa msiba, katika Belarus, Ukraine na sehemu za Urusi zilizopatwa, walikuwa wameonekana na kansa ya tezi. Si wote walioipata kwa sababu ya sumu ile, lakini wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema ya kuwa sehemu kubwa yatokana na maziwa ya siku zile za kwanza. Namshukuru Mungu, twasema pamoja nao, ya kuwa kansa hii hutibika ikionekana mapema, na waliokufa kwa ajili yake mpaka mwaka ule walihesabiwa 15. Lakini mtoto aliyekatwa tezi humeza dawa kila siku mpaka mwisho wa maisha yake.

WAPOLAND WALIFANYA NINI

Nchi ya Poland ni jirani, na wingu lilifika huko. Moscow haikuwaambia kitu. Tarehe 28 Aprili vipimo vyao wenyewe viliwaonyesha hatari, na tarehe 29 Serikali yao iliamua kutoa iodini bila kungoja kuambiwa zaidi. Hawakuwa na vidonge vya kutosha. Basi walitumia maji ya iodini ambayo maduka ya dawa yaliweza kuyachanganya. Yaligawiwa katika shule, katika nyumba za kulelea watoto na katika zahanati. Kwa muda wa siku chache watoto kama milioni 10 na nusu walikunywa, na watu wazima kama milioni 7. Tena walizuia maziwa ya ng'ombe waliokula majani mabichi, na watoto wadogo walipewa maziwa ya unga.

Wengine waliogopa ya kuwa dawa yenyewe italeta madhara makubwa. Baadaye madaktari walichungua. Waliona watu wengine walitapika au waliumwa na tumbo au walipata vipele, na watoto wachanga wachache tezi zao zilipunguza kazi kwa muda mfupi kisha zikarudi sawa. Watu wazima wawili, ambao walijulikana tangu mbele ya kuwa iodini haiwapatani, walipata shida kali. Kwa watu milioni 17 hiyo si hasara kubwa. Poland ile haikuwa nchi tajiri, na haikuwa huru sana kusema mbele ya Moscow. Lakini ilikuwa na watu waliopima wenyewe, na wenye amri waliokubali kuamka usiku.

JAPANI MWAKA 2011

Huenda mwenzetu atasema, "Hayo yalikuwa mambo ya serikali za siri. Nchi ya kisasa haiwezi kukosea hivyo." Basi tutazame Japani, nchi ya watu hodari na wenye utaratibu. Tarehe 11 Machi 2011 ardhi ilitetemeka vibaya sana na bahari ikapanda juu ya nchi kavu. Kinu cha Fukushima Daiichi kilikosa umeme wa kupozea mashine, na sumu ikatoka.

Vidonge vilikuwapo. Vilikuwa katika stoo za miji na za jimbo, vimehesabiwa vizuri. Ila mpango ulisema vitolewe kwa amri kutoka juu, na simu zilikuwa zimekatika, na ofisi moja ilingoja nyingine. Amri ya Serikali kuu kwa watu wa kilometa 20 ilifika tarehe 16 Machi, wakati watu hao walikuwa wamekwisha kuondoka. Vidonge vingi vilibaki katika masanduku yake.

Mji mmoja mdogo, Miharu, kiasi cha kilometa 50 upande wa magharibi, haukungoja. Viongozi wa mji waliona upepo unageuka kuja kwao na mvua inakaribia. Tarehe 15 Machi waliwagawia wenyeji wao wa chini ya miaka 40, wakawaambia wameze. Wakubwa wa jimbo waliwaambia wavirudishe vidonge, kwa kuwa amri haijatolewa. Wenye mji walikataa. Kamati ya uchunguzi iliyowekwa na Bunge la Japani iliandika mwaka 2012 ya kuwa mpango wa vidonge ulishindwa kwa sababu ya wakubwa, si kwa sababu ya upungufu wa vidonge.

Na wafanya kazi wa kinu je? Kabla ya msiba, kiasi cha mionzi alichoruhusiwa mfanya kazi wa dharura kilikuwa 100 kwa kipimo chao kiitwacho milisivati. Tarehe 14 Machi kilipandishwa kikawa 250. Wafanya kazi sita walikipita hata hicho, na wawili kati yao walipita 600. Sehemu kubwa ya sumu hiyo iliingia kwa pumzi, nayo ilikuwa iodini. Wengi waliofanya kazi pale hawakuwa wa kampuni yenye kinu, bali wa makandarasi na makandarasi wadogo chini yao. Twawajua watu wa namna hiyo. Hapa kwetu huitwa vibarua, na jina la kibarua ni la mwisho katika kila orodha.

KIDONGE HAKIFANYI YOTE

Tusidanganywe. Kidonge hiki hulinda tezi ya shingo peke yake, na huilinda na iodini peke yake. Kinu kikipasuka hutoka sumu nyingine pia, kama sesiamu 137, ambayo huchukua miaka 30 kupunguka nusu. Kidonge hakiizuii hata kidogo. Wala hakizuii mionzi inayopiga mwili kutoka nje. Katika Chernobyl wafanya kazi wa kinu na wazima moto 134 walipatwa na ugonjwa mkali wa mionzi, na 28 kati yao walifariki mwaka ule ule wa 1986. Wangemeza vidonge gunia zima visingewaokoa.

Kwa hiyo kidonge hufuatana na mambo mengine matatu: kukaa ndani na kufunga milango na madirisha, kuondoka mahali pa hatari wakati amri ikitolewa, na kuacha maziwa na mboga za nje. Jambo la maziwa tulishike sana. Iodini 131 hupunguka nusu kila siku 8. Siku 8 nusu, siku 16 robo, na baada ya siku 80 imebaki kama sehemu moja ya elfu. Maana yake, maziwa yakizuiwa kwa miezi mitatu, au yakifanywa unga na kuwekwa, hatari ya iodini imepita. Lakini mwenye ng'ombe atalipwa na nani kwa miezi hiyo mitatu? Hilo nalo lapasa kuandikwa mapema.

Wala tusidhani chumvi ya dukani itatosha. Mwaka 2011 watu wa China walijaa madukani kununua chumvi kwa sababu ya habari za Fukushima. Kula chumvi ili kupata iodini ya kidonge kimoja cha mtu mzima, utahitaji kula kilo mbili au zaidi, na chumvi itakuua kwanza. Pia aidini ya kupaka kidonda si ya kunywa.

VIDONGE HUKAA WAPI KATIKA NCHI NYINGINE

Marekani walipopata ajali ya Three Mile Island, tarehe 28 Machi 1979, hawakuwa na dawa iliyowekwa tayari kwa watu wa huko. Kampuni moja ilifanya kazi usiku na mchana kujaza chupa zaidi ya laki mbili. Zilianza kufika siku kadhaa baada ya ajali. Bahati yao iodini iliyotoka ilikuwa kidogo, na dawa haikutumika. Tangu mwaka 2002 Serikali yao hutoa vidonge bure kwa majimbo yanayovitaka, kwa watu wa kilometa 16 kuzunguka kinu.

Katika Ufaransa, ugawaji ulianza mwaka 1997 kwa watu wa karibu, na mwaka 2019 ulifikishwa kilometa 20. Barua hutumwa, na mtu huenda kuvichukua katika duka la dawa. Lakini watu wengi hawaendi. Katika ugawaji wa mwaka 2016 karibu nusu tu walivichukua. Japani nao, baada ya kujifunza kwa uchungu, waliamua watu wa kilometa 5 wapewe vidonge nyumbani mapema.

Uswisi ndio waliokwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 2014 hugawa kwa kila nyumba, shule na mahali pa kazi katika kilometa 50 kuzunguka vinu, watu karibu milioni 5. Vidonge huletwa na posta mpaka mlangoni, na hubadilishwa kila baada ya miaka kama kumi. Vikiwa katika karatasi yake, mahali pakavu pasipo jua, havitaki zaidi. Angalieni, ndugu: Mswisi hakuambiwa aje achukue. Aliletewa. Na mahali pa kazi hapakusahauliwa, kwa kuwa ajali haichagui saa ambayo mtu yuko nyumbani.

Na mwaka 2022, vita vilipofika kwenye kinu cha Zaporizhzhia katika Ukraine, kinu kikubwa kupita vyote vya Ulaya, nchi za Umoja wa Ulaya zilipeleka vidonge milioni 5 na nusu, vikaanza kugawiwa watu kabla ya lolote kutokea. Miaka 36 baada ya Chernobyl, watu wa nchi ile ile walipata vidonge mkononi mapema. Hayo ni maendeleo, na yamenunuliwa kwa bei kubwa.

MASWALI YETU

Sisi katika reli twajua sheria moja ya zamani. Gadi hubeba bendera nyekundu, na zile baruti ndogo za kufungia juu ya reli, ndani ya gari moshi lake mwenyewe. Hazikai makao makuu. Gari likikwama njiani usiku, gadi hapigi simu kuomba ruhusa ya kumlinda abiria. Hushuka, hutembea nyuma, huweka baruti juu ya reli. Amri aliipewa siku alipofundishwa kazi. Vidonge vyafaa viwekwe kwa akili hiyo hiyo.

Basi siku mpango wa kinu utakapoletwa mbele ya chama chochote cha wafanya kazi, haya ndiyo maswali ambayo twaomba yaandikwe:

Kwanza: Je, vidonge vitakuwa ndani ya nyumba, shule na mahali pa kazi kabla ya moto wa kinu kuwashwa, au vitakuwa stoo? Ikiwa ni stoo, nani anashika ufunguo, na akiwa livu nani anaushika?

Pili: Nani atatoa neno la kumeza? Asipopatikana, nani wa pili? Zikipita saa mbili bila neno na vipimo vyaonyesha hatari, je, mwalimu mkuu, mganga wa zahanati na mkubwa wa stesheni wana idhini?

Tatu: Nani atapima hewa, na je, vipimo vitabandikwa mahali pa watu wote, au vitafichwa katika faili?

Nne: Je, vibarua na watu wa makandarasi wamo katika orodha sawasawa na walioajiriwa?

Tano: Wafanya kazi wa reli na mabasi watakaoingia mahali pa hatari kuwatoa watu, je, watapewa vidonge, vifuniko vya pua na vipimo vya mionzi kabla ya kuingia, na wake zao watatunzwa wakiugua baadaye?

Sita: Je, maelezo yatakuwa katika Kiswahili na katika lugha za nyumbani za mahali hapo, kwa maneno ambayo bibi aliyebaki na wajukuu ataweza kuyafuata bila kuuliza?

Hatuoni ya kuwa maswali haya ni ya ugomvi. Mwajiri mwenye mpango mzuri atayajibu kwa dakika kumi. Asiye na mpango atakasirika, na hasira yake itakuwa jibu.

Ndugu wanachama, wengi wetu tulisoma shule za misheni, na twakumbuka habari ya wanawali kumi na taa zao. Watano walikuwa na mafuta. Watano walikwenda kununua usiku, na waliporudi mlango ulikuwa umefungwa. Duka lilikuwapo na mafuta yalikuwapo. Kilichokosekana kilikuwa wakati. Ndivyo ilivyokuwa kwa watoto wa Belarus na Ukraine, na ndivyo ilivyokuwa kwa masanduku ya Fukushima.

Vidonge hivi ni rahisi kwa bei kuliko karibu kila kitu kingine katika kinu. Mwajiri asiyetaka kuviweka mlangoni mwa mfanya kazi kabla ya siku ya hatari, asidhaniwe ya kuwa ataleta yaliyo makubwa siku hiyo ikifika. Twaomba tawi hili liyapitishe maswali sita, na Bwana Karani ayapeleke makao makuu kwa barua, na nakala wapelekewe wenzetu wa matawi ya Kisumu na Mombasa, walio karibu na sehemu zilizotajwa.

Tahadhari kabla ya hatari.